Saa Tofauti Ndani ya Mwili Mmoja: Jinsi Ukaaji Mrefu Baharini Unavyogusa Ukakamavu wa Askari

Tarehe 9 Aprili 1982 meli ya abiria Canberra iling'oa nanga Southampton, Uingereza, ikiwa imebeba makomando wa Royal Marines, yaani askari wanamaji wa Uingereza, na askari wa miavuli wa kikosi cha 3 Para, na tarehe 21 Mei askari hao walianza kushuka kwenye maji ya San Carlos, katika visiwa vya Falkland, kusini mwa Atlantiki, kuvikomboa kutoka mikononi mwa Argentina. Kati ya siku hizo mbili yalipita majuma sita na umbali wa karibu kilomita 13,000. Siku chache baada ya kushuka, 3 Para pamoja na makomando wa kikosi cha 45, ambao nao walikuwa wamefika kwa meli nyingine, walianza kuvuka kisiwa cha Falkland Mashariki kwa miguu. Ardhi ilikuwa ya matope na mawe, baridi ilikuwa kali, na kila mtu alikuwa na mzigo wa kilogramu 36 au zaidi mgongoni, kwa sababu helikopta nyingi zilizotarajiwa kuwabeba ziliteketea pamoja na meli ya Atlantic Conveyor iliyopigwa tarehe 25 Mei. Walivuka, na mwisho wa safari hiyo walikuwa bado na milima ya kuipigania.

Nimeanzia hapo kwa sababu tukio hilo linaisumbua dhana iliyozoeleka. Wengi huuona ukakamavu kama maji ndani ya mtungi, na ukaaji melini kama ufa kwenye mtungi huo, hivyo kwamba kadiri siku zinavyopita ndivyo kina kinavyoshuka, na anayekaa sana hupoteza sana. Kama mambo yangekuwa hivyo, miguu iliyokaa juu ya sitaha kwa majuma sita isingeweza kubeba kilogramu 36 kupita kwenye matope. Mwili wa askari ni mkusanyiko wa uwezo wa aina nyingi, na kila uwezo una saa yake. Damu na moyo huanza kupoteza kwa siku, misuli kwa majuma, mifupa na kano kwa miezi, na kila kimoja hurudi kwa mwendo wake. Kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi imo katika kutolingana kwa saa hizo pale askari anapokanyaga nchi kavu, kuliko katika jumla ya kile alichopoteza akiwa majini.

Kabla ya kuzifuata saa hizo inafaa kueleza ni nani hasa anayezungumziwa, kwa kuwa meli haiwabani wote kwa namna moja. Baharia wa manowari ana kazi ya kila siku: hupanda na kushuka ngazi, huvuta kamba na mipira ya maji, hubeba masanduku, na katika manowari kubwa inayobeba ndege anaweza kutembea umbali mrefu kwa siku bila kuona chochote zaidi ya korido na milango ya chuma. Askari wa nchi kavu anayesafirishwa melini yuko katika hali nyingine kabisa, maana yeye ni abiria mwenye silaha. Kazi yake inamngoja ufukweni, na mpaka afike huko hana zamu ya injini wala ya usukani inayomlazimisha kusogea. Wa tatu ni askari wa nyambizi, ambaye ana zamu lakini hana nafasi, hana jua, na mara nyingi hana ruhusa ya kupiga kishindo. Mtu akisoma kwamba ukaaji baharini hupunguza ukakamavu kwa kiasi fulani, swali la kwanza la kuuliza ni nani kati ya hao watatu aliyepimwa.

Kinachopungua mapema kuliko vyote ni majimaji ya damu, yaani plazima. Mtu aliyezoea mazoezi ya kukimbia huwa na damu nyingi zaidi mwilini kuliko asiyezoea, na moyo wake hujaa vizuri na kusukuma kiasi kikubwa kila unapopiga. Anapoacha mazoezi hayo, mwili hauoni sababu ya kuitunza akiba hiyo, na ndani ya siku chache plazima huanza kushuka, moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile, na pumzi hukatika mapema. Vipimo vilivyofanywa katika miaka ya 1980 kwa wanariadha waliozoezwa vizuri, kisha wakaacha kabisa, vilionyesha kwamba uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kwa takriban asilimia 7 katika majuma matatu ya kwanza, na kufikia takriban asilimia 16 baada ya majuma manane. Mteremko ni mkali mwanzoni, kisha hupungua kasi. Aliyekuwa na pumzi nyingi hupoteza nyingi, na aliyeanza na kidogo hana kikubwa cha kupoteza, jambo ambalo huwafanya askari waliokuwa bora kabisa bandarini wawe ndio wanaoshangazwa zaidi na hali yao baada ya mwezi mmoja.

Nguvu za misuli hutunzwa kwa uaminifu mkubwa zaidi. Mtu aliyekuwa akinyanyua vyuma anaweza kuacha kwa majuma matatu au manne na bado akanyanyua karibu uzito uleule, kwa sababu sehemu ya nguvu imo katika ustadi wa mishipa ya fahamu kuiita misuli kazini, na ustadi huo hausahauliki upesi. Tena, vyuma havihitaji nafasi kubwa. Chumba kidogo chenye dari fupi, benchi moja na vyuma vichache kinatosha kumfanya mtu awe na kifua na mabega mapana kuliko alivyoondoka nayo, na ndivyo inavyotokea mara nyingi katika safari ndefu: askari hurudi akiwa mzito kidogo, mwenye mikono minene, na mwenye kuamini kwamba safari ilimjenga. Kwa upande wa mikono ana haki ya kuamini hivyo, ila kazi ya askari wa miguu hubebwa na mapaja, nyonga, mgongo wa chini na nyayo, na hizo ndizo sehemu ambazo chumba kidogo huzitendea haki kidogo zaidi.

Saa inayokwenda polepole kuliko zote ni ya mifupa na kano, na hapa ndipo somo hili linapokuwa zito. Mfupa hujengwa kwa kugongwa. Kila hatua ya mbio hupeleka mshtuko kutoka kisigino hadi muundi na paja, na chembe zilizo ndani ya mfupa huusoma mshtuko huo kama agizo la kudumisha uimara. Baiskeli ya mazoezi haipeleki agizo hilo, na mashine ya kupigia makasia hailipeleki pia, ingawa zote mbili hulinda moyo na mapafu vizuri. Kwa hiyo askari anaweza kukaa melini miezi sita akiendesha baiskeli kwa bidii, akashuka na pumzi nzuri, huku miundi yake ikiwa haijasikia mshtuko wa maana kwa nusu mwaka. Kano ya kisigino nayo iko hivyo, maana tishu zake hupata damu kidogo na hubadilika polepole sana.

Mfupa una tabia nyingine inayostahili kueleweka na kila anayepanga mafunzo. Unapopewa kazi ngumu ghafla, haujiongezi mara moja. Kwanza hubomoa sehemu zilizochoka ili uzijenge upya, na ubomoaji huchukua majuma machache ilhali ujenzi wa sehemu hiyohiyo huchukua takriban miezi mitatu. Maana yake ni kwamba katika majuma ya mwanzo ya kurudi kwenye mbio na matembezi ya mizigo, mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kuanza. Ikiwa mzigo hauachi kuongezeka katika kipindi hicho, nyufa ndogo hujikusanya na kuwa mvunjiko wa msongo, mara nyingi kwenye muundi au mifupa ya wayo. Madaktari wa kijeshi wanaujua vizuri mvunjiko huo kwa makuruta walioingia kambini kutoka maisha ya kukaa, nami sioni sababu ya kumtenga na makuruta hao askari aliyetoka melini, kwa kuwa kwa upande wa mifupa yake amefanana nao.

Ngozi ya nyayo hulainika na malengelenge hutokea kilomita za mwanzo. Hilo ni jambo dogo, ila limewahi kuwasimamisha watu wenye nguvu. Uzoefu wa joto, kwa upande mwingine, si jambo dogo. Mwili huhitaji takriban siku 7 hadi 14 za kazi kwenye joto ili ujifunze kutoa jasho mapema na kwa wingi na kutunza chumvi, na ujuzi huo hufifia katika majuma machache mtu akiukosa joto. Meli ya kisasa hupozwa kwa viyoyozi. Askari aliyefanya mazoezi ya mwezi mzima katika ukumbi wa nyuzi 20 anaweza kushuka kwenye ufuko wa nyuzi 38 akiwa na misuli iliyo tayari na mwili usiojua kujipoza, na akaanguka siku ya kwanza kwa sababu isiyohusiana kabisa na uvivu.

Kinachofanywa na meli yenyewe

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba meli ni chumba kidogo tu. Chumba hicho hata hivyo kinakwenda mrama, na mrama una gharama zake. Misuli ya miguu na kiwiliwili hufanya kazi ndogo isiyoisha ili mtu asianguke, hata akiwa amesimama tu, na kazi hiyo huchosha bila kumjenga mtu kwa namna ya maana. Wengine hupata kichefuchefu siku za mwanzo kisha wakazoea, lakini kuna dalili nyingine ya bahari isiyotambuliwa kirahisi, nayo ni uzito wa usingizi na kukosa ari, ambao unaweza kubaki hata baada ya kichefuchefu kwisha. Mkufunzi asiyeijua hudhani askari wake wamekuwa wavivu.

Mrama huharibu pia hesabu ya mazoezi. Sitaha inapopanda kwa mchapuko wa sehemu mbili za kumi za ule wa mvutano wa dunia, chuma cha kilogramu 100 huwa kama cha 120 mikononi, na inaposhuka kwa kiasi hichohicho huwa kama cha 80, mabadiliko yanayokuja ndani ya sekunde chache na bila kumuuliza anayenyanyua. Ndiyo maana siku za bahari chafu vyuma hufungwa na mashine ya kukimbilia huzimwa, na ratiba nzuri iliyoandikwa bandarini hukatwa vipande na hali ya hewa. Katika manowari zenye sitaha ya ndege kuna kizuizi cha ziada: uwanja mpana kuliko wote melini, ambao ungefaa kwa mchakamchaka, hufungwa kila ndege zinaporuka, na hata unapokuwa wazi uso wake ni chuma kilichopakwa rangi ya kukwaruza, kigumu kwa magoti na cha kutisha kwa anayejikwaa.

Hata hivyo, katika kila kisa ninachokijua cha watu waliodhoofika baharini, usingizi unanivuta zaidi kuliko nafasi. Kazi ya meli hailali, kwa hiyo watu hugawanywa katika zamu, na kwa miongo mingi mgawanyo huo ulifanywa kwa faida ya chombo bila kujali saa ya mwili. Nyambizi za Marekani ziliishi kwa muda mrefu katika siku ya saa 18: saa 6 za zamu, kisha saa 12 za kazi nyingine, mafunzo, chakula na kulala. Mwili wa binadamu, ambao saa yake ya ndani inakaribia saa 24, hauwezi kuifuata siku ya namna hiyo, kwa hiyo mtu hujikuta analala katika saa tofauti kila mara na hapati usingizi mzito ipasavyo. Katikati ya muongo wa 2010 nyambizi hizo zilianza kuhamia kwenye ratiba ya saa 24 yenye zamu za saa 8. Meli za juu ya maji zilichelewa, na mwaka 2017 zilipata funzo chungu pale manowari Fitzgerald ilipogongana na meli ya makontena mwezi Juni wakafa mabaharia 7, na John S. McCain ikagongana na meli ya mafuta mwezi Agosti wakafa 10. Uchunguzi uliofuata uliutaja uchovu miongoni mwa sababu, na amri ya kuzipanga zamu kwa kufuata mzunguko wa asili wa mwili ikatolewa.

Huenda msomaji akauliza usingizi unaingiaje katika habari ya misuli. Unaingia kwa sababu ujenzi wa misuli hutegemea sana usingizi, na mazoezi ni agizo tu la ujenzi huo. Vijana wa kiume wenye afya waliolala saa 5 tu kwa usiku katika juma moja la vipimo walionekana kupungukiwa homoni ya testosteroni kwa asilimia 10 hadi 15 mchana, na homoni hiyo ni mmoja wa mafundi wakuu wa ujenzi wa misuli. Baharia anayelala saa 5 kwa miezi 6, kisha akajilazimisha kunyanyua vyuma katika saa ambayo angelala, anaweka agizo juu ya agizo kwa fundi asiyekuwepo. Mimi ningependelea kuona kamanda akiwapa watu wake saa moja zaidi ya kitanda kuliko saa moja zaidi ya ukumbi wa mazoezi, ikiwa hawezi kuwapa zote mbili.

Chakula cha leo hakiui, na hilo peke yake ni mabadiliko makubwa katika historia ya bahari. Msafara wa George Anson uliondoka Uingereza mwaka 1740 ukiwa na watu takriban 1,900, na karibu 1,400 walikufa, wengi wao kwa magonjwa na hasa kiseyeye; waliouawa na adui walikuwa wachache sana. Kiseyeye ni ukosefu wa vitamini C, ambayo bila yake mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara, nyuzi zinazoshikilia ngozi, fizi, kano na mishipa ya damu, ndiyo maana wagonjwa walifunguka vidonda vilivyopona miaka mingi nyuma. James Lind aliwapa mabaharia wawili kati ya 12 wagonjwa machungwa na malimau mwaka 1747 ndani ya meli Salisbury, wakapata nafuu upesi kuliko wenzao, lakini jeshi la majini la Uingereza lilifika mwaka 1795 ndipo likaagiza juisi ya malimau kwa wote. Leo tatizo limegeuka: mboga na matunda mabichi hupungua baada ya majuma machache, huku mkate, wali, nyama na vitamu vikiendelea kuwepo hadi usiku wa manane kwa ajili ya wanaobadilishana zamu. Mtu mwenye mwendo mdogo, usingizi mfupi na meza iliyo wazi mara nne kwa siku huongezeka mafuta, na kilo tatu za mafuta ni mzigo wa kilo tatu ambao hautashushwa begani wakati wa kupumzika.

Msafara mwingine unaostahili kukumbukwa ni ule wa manowari za Urusi zilizoondoka bahari ya Baltiki mwezi Oktoba 1904 na kufika Tsushima, karibu na Japani, mwezi Mei 1905, baada ya miezi saba na umbali wa takriban maili 18,000 za baharini. Kwa kuwa bandari nyingi zilifungwa kwao, makaa ya mawe yalirundikwa hata kwenye sitaha na katika vyumba vya watu, wakaishi ndani ya vumbi na joto, wakikaa majuma mengi Nosy Be, Madagaska, katika msimu wa mvua na joto kali. Walishindwa vibaya na Japani kwa sababu nyingi, zikiwemo mbinu na mizinga, na itakuwa makosa kumwekea lawama zote mtu aliyechoka. Lakini ni mfano wa wazi wa jinsi nafasi ya watu huwa ya kwanza kutolewa kafara mahitaji ya chombo yanapobana.

Nyambizi

Nyambizi inahitaji kuangaliwa peke yake, kwa sababu humo vizuizi vyote vilivyotajwa hukutana na vingine vitatu huongezeka. Nyambizi za Marekani za aina ya Ohio zina urefu wa takriban mita 170, na mtu anaweza kufikiri kwamba hiyo ni nafasi ya kutosha kutoka omo hadi tezi, lakini sehemu kubwa ya urefu huo imejazwa makombora, mtambo wa nyuklia na mashine, na doria huchukua kwa kawaida zaidi ya siku 70 bila kuliona jua. Doria za nyambizi za Uingereza zenye makombora zimerefuka katika miaka ya karibuni, na baadhi zimezidi miezi mitano.

Kizuizi cha kwanza ni hewa. Mitambo huondoa hewa ya ukaa inayotolewa na watu wanapopumua, lakini haiishushi hadi kiwango cha nje, na katika nyambizi za Marekani wastani uliowahi kuripotiwa ni takriban sehemu 3,500 kwa milioni, ilhali hewa ya kawaida ina sehemu zipatazo 420. Wanaoishi humo huvumilia, lakini mazoezi makali huongeza hewa hiyo kwa wote, pamoja na joto na jasho. Kizuizi cha pili ni ukosefu wa jua. Vitamini D inayozunguka mwilini hupungua kwa nusu ndani ya takriban majuma mawili au matatu pale chanzo kinapokatika, na bila hiyo mwili hunyonya kalisi vibaya. Kwa hiyo mfupa ambao tayari haugongwi unakosa pia udongo wa kujengea. Ngozi haiwezi kutengeneza vitamini hiyo kwa taa za kawaida za ndani, na ndiyo maana vidonge vya vitamini D kwa doria ndefu ni hatua ya bei ndogo ambayo sioni hoja nzuri ya kuipinga.

Kizuizi cha tatu ni ukimya. Silaha kubwa ya nyambizi ni kutosikika, na kuruka kamba au kuangusha chuma sakafuni ni sauti inayosafiri majini. Zoezi lililo bora kwa mifupa ndilo linaloweza kukatazwa siku nzima.

Vipimo vinavyoficha

Majeshi mengi hupima ukakamavu mara moja au mbili kwa mwaka, na ni jambo la busara kuwaruhusu walio baharini kutumia vifaa walivyo navyo. Jeshi la majini la Marekani, kwa mfano, huruhusu baiskeli ya mazoezi au kupiga makasia ya mashine kwa kilomita 2 badala ya mbio za maili moja na nusu. Kipimo hicho hujibu swali la moyo na mapafu kwa haki, lakini baadaye karatasi ya matokeo husomwa kana kwamba imejibu maswali yote. Askari mwenye alama nzuri ya makasia hajaonyesha chochote kuhusu muundi wake, wala kuhusu uwezo wa mgongo wake kubeba shanta kwa saa sita, wala kuhusu joto. Wale wa Marine Corps, askari wanamaji wa Marekani, waliligundua pengo la namna hiyo katika mbio na pushapu za kawaida, wakaanzisha mwaka 2008 kipimo cha pili chenye kunyanyua sanduku la risasi, kukimbia na buti, na kubeba mwenzako, na nadhani walikuwa sahihi kukiweka pembeni ya kile cha zamani badala ya kukibadilisha.

Kinachoweza kuokolewa

Habari njema ni kwamba kulinda uwezo ni rahisi mno kuliko kuujenga. Utafiti wa miaka ya 1980 uliowafuata watu waliozoezwa siku 6 kwa juma ulionyesha kwamba wangeweza kupunguza hadi siku 2 na wakabaki na uwezo wao wa oksijeni kwa majuma 15, mradi ukali wa kila zoezi ubaki uleule. Walipofupisha muda wa zoezi hadi dakika 13 bado uwezo wao wa juu ulikaa, ingawa ustahimilivu wa kazi ndefu ulishuka. Lakini walipopunguza ukali, uwezo ulianguka hata bila kupunguza siku wala dakika. Kwa meli yenye baiskeli tatu na watu 300 wa kuzigawana, matokeo hayo ni ya thamani kubwa kuliko ukumbi mpya, kwa maana yanampa mkufunzi ruhusa ya kusema: dakika 20 kwa kila mtu, mara mbili au tatu kwa juma, lakini dakika za kuhema kwelikweli. Nguvu za misuli nazo hutunzwa kwa zoezi moja zito kwa juma kwa muda mrefu.

Kwa mifupa kuna bahati ya aina yake. Chembe za mfupa huchoka kusikia. Baada ya makumi machache ya mishtuko huacha kuitikia, na huhitaji saa kadhaa kabla ya kusikiliza tena. Maana yake ni kwamba kuruka mara 40 asubuhi na mara 40 jioni, mahali palipo na upana wa mtu mmoja, kunaweza kuufaa mfupa zaidi ya mfululizo mmoja mrefu. Hilo linawezekana katika meli nyingi za juu ya maji. Kupanda ngazi ukiwa na shanta, ambayo uzito wake unaongezwa juma kwa juma, hufundisha mapaja na mgongo kazi ileile ya nchi kavu na huizoesha ngozi ya nyayo kwa buti. Walio karibu kushuka kwenye nchi ya joto wanaweza kuhamishia mazoezi yao nje ya viyoyozi siku 10 kabla.

Safari ya Falkland inasomeka vizuri zaidi katika mwanga huu. Askari wa Canberra walikimbia sitahani kwa zamu, siku baada ya siku, wakiwa na buti na mizigo, na njiani walishuka katika kisiwa cha Ascension wakatembea na kufanya mazoezi ya silaha. Brigedi ya pili iliondoka kwa meli QE2 tarehe 12 Mei na kufika San Carlos mwanzoni mwa Juni, yaani ilikaa baharini nusu ya muda wa wenzao. Miongoni mwake walikuwa Scots Guards na Welsh Guards, waliokuwa wametoka katika kazi za ulinzi wa heshima London na kupata mazoezi mafupi tu Wales. Welsh Guards walipojaribu kutembea kwenda Goose Green na mizigo mizito walilazimika kurudi. Magari ya kuwabebea vifaa yaliwaangusha, na si haki kuutupia mwili lawama peke yake, lakini waliokaa majini kwa muda mfupi zaidi ndio waliorudi njiani. Urefu wa safari ulikuwa na uzito mdogo kuliko hali waliyoondoka nayo na kile walichofanya sitahani.

Inabaki siku ya kushuka. Kwa saa kadhaa, pengine siku mbili, ardhi huonekana kuyumba kwa sababu ubongo bado unasahihisha mrama usiokuwepo. Plazima hurudi ndani ya siku chache za mazoezi, na kwa sababu hiyo askari hujisikia vizuri mapema mno: juma la pili pumzi imeshafunguka, moyo umetulia, na anataka kukimbia alivyokimbia kabla ya kuondoka. Mkufunzi naye, akiona nyuso zenye furaha, hushawishika kuongeza kilomita. Hapo hasa ndipo muundi uko katikati ya ubomoaji wake. Maumivu ya mfupa yanayoanza kidogo mwishoni mwa mbio, yakaja mapema zaidi siku inayofuata, na yakabonyezeka kwa kidole mahali pamoja padogo, ni ya kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama saa ya mkononi inaonyesha kwamba mwenye nayo hajawahi kukimbia kwa kasi kama hiyo mwaka mzima.